Fundi wa Mvuke: Habari za Oscar Peterson

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: bwela, mvuke, koki. Tutayahitaji.

Kila tunaposoma habari za vita vya baharini, tunasoma habari za majemadari na manahodha. Leo nataka tushuke ngazi pamoja, mpaka chini kabisa ya meli, mahali ambapo baharia haioni bahari. Huko ndiko alikofanya kazi Oscar Verner Peterson, Mmarekani, kwa zaidi ya miaka 20.

Peterson alizaliwa tarehe 27 Agosti 1899 katika mji mdogo wa Prentice, jimbo la Wisconsin, mbali sana na bahari. Mwezi wa Desemba 1920, akiwa na umri wa miaka 21, aliandikishwa katika jeshi la manowari la Marekani. Wengine huingia jeshini, wakatumikia miaka michache, wakarudi kwao. Yeye alikaa. Aliifanya kazi hiyo kuwa kazi ya maisha yake. Alioa, akapata watoto wawili wa kiume, na mshahara wa ufundi wake ndio uliowalisha.

Sasa tuielewe kazi yenyewe. Meli za zamani zile ziliendeshwa kwa mvuke. Bwela ni chombo kikubwa cha chuma cha kuchemshia maji. Chini yake mnawaka moto wa mafuta. Maji yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukifungiwa ndani ya chuma una nguvu kubwa mno. Ninyi mnaopika mnajua jinsi kifuniko cha sufuria kinavyoruka. Basi mvuke huo hupitishwa katika mabomba mpaka chumba cha injini, ukazungusha magurudumu, na magurudumu yakazungusha rafadha, yaani zile panga za chini ya maji zinazoisukuma meli.

Peterson alikuwa mkuu wa mafundi wa bwela. Kazi yao ya kwanza ni kuangalia maji. Maji yakipungua ndani ya bwela, chuma huungua na kupasuka. Yakizidi, huingia katika mabomba pamoja na mvuke na kuharibu injini. Kwa hiyo fundi hukodolea macho kioo kidogo kinachoonyesha kimo cha maji, saa baada ya saa, katika joto na kelele. Mimi niliwahi kuteremka katika chumba cha injini cha meli moja ya ziwani, nikakaa dakika kumi tu, nikapanda juu upesi kutafuta hewa. Fundi aliyenipeleka alinicheka.

Mwaka 1942 Peterson alikuwa katika meli iitwayo Neosho. Hiyo ilikuwa meli ya kuchukua mafuta, ya kuwapelekea manowari wengine mafuta huko huko baharini. Ilikuwa kubwa, urefu wake kama mita 168. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kufika katika Bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Mei mwaka huo manowari za Marekani na za Japani zilikuwa zikitafutana katika Bahari ya Matumbawe, iliyo upande wa mashariki wa Australia. Neosho ilitengwa kando pamoja na manowari ndogo moja, Sims, ili iilinde.

Tarehe 7 Mei Wajapani waliziona meli hizo mbili kutoka angani, lakini walikosea. Walidhani meli ya mafuta ni meli kubwa ya kuchukua ndege. Wakaleta ndege nyingi. Sims ilizama upesi, na karibu watu wake wote walikufa. Neosho ilipigwa na mabomu saba, na ndege moja ya adui ikaiangukia.

Mtu akiwa juu, anaweza kuruka majini, na wengi waliruka. Lakini chini kulikuwa na jambo jingine. Katika kuta za chuma zinazotenga chumba na chumba hupita mabomba ya mvuke, na kila bomba lina koki kubwa. Koki ikifungwa, mvuke hauwezi kupita. Ikiachwa wazi na meli imepasuka, mvuke unaweza kutoka mahali pabaya ukamchoma kila aliye karibu. Koki hizo zilitakiwa zifungwe.

Peterson alikuwa kiongozi wa kikundi cha kutengeneza mahali palipoharibika. Wenzake katika kikundi walikuwa wameumia, hapakuwa na wa kumsaidia. Yeye mwenyewe alikuwa ameumia vibaya. Akaenda kuzifunga koki kwa mikono yake. Alizifunga, na katika kuzifunga akaungua zaidi.

Meli haikuzama siku ile. Ilielea bila injini, imelala upande. Tena likatokea kosa la pili: mahali palipotajwa katika habari zilizopelekwa kuomba msaada hapakuwa mahali penyewe, kwa kuwa hesabu ya ramani ilikosewa. Siku nne walingoja. Waliokuwa wamekimbilia maboya walichukuliwa na maji; watu 68 walikuwa juu ya maboya hayo, na waliopatikana baadaye wakiwa hai ni wanne tu. Tarehe 11 Mei manowari iitwayo Henley ilifika, ikawaokoa watu 123 wa meli zote mbili, kisha ikaizamisha Neosho, maana haikufaa tena.

Peterson alikufa tarehe 13 Mei kwa majeraha ya moto. Alikuwa na umri wa miaka 42. Alizikwa baharini.

Hapo historia nyingi humaliza. Lakini fikirini nyumbani kwake. Wengi wenu mna ndugu walio mbali, mnajua kungoja barua kulivyo. Mke wa baharia huzoea kungoja, lakini humngoja mtu. Huyu aliletewa habari tu. Hana kaburi la kupalilia, na wana wawili wanakua bila baba.

Serikali ya Marekani ilimtunukia Peterson Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo kubwa kupita zote katika majeshi yake. Mwaka 1943 manowari mpya ikapewa jina lake. Kwa desturi, nishani hiyo hukabidhiwa kwa sherehe, mbele ya watu, na ndugu wa marehemu wakasikia ikisomwa kazi aliyoifanya. Lakini wakati ule wa vita nishani ya Peterson ilitiwa katika posta, ikapelekwa kwa mjane wake kama kifurushi.

Najua vita vilikuwa vikali na waliokufa walikuwa wengi. Hata hivyo mimi naona halikuwa jambo la haki. Mtu aliyefanya kazi miaka yote pasipoonekana, hata heshima yake ilifika pasipoonekana.

Deni hilo lililipwa mwaka 2010. Mwezi wa Aprili wakuu wa manowari walikwenda katika mji mdogo wa Ephrata, jimbo la Washington, wakafanya sherehe ambayo haikufanywa zamani. Mjane hakuwapo tena. Aliyesimama kuipokea nishani ni mwanawe mmoja, aliyekuwa mtoto mdogo baba alipokufa. Sasa alikuwa mzee, mwenye umri uliopita mbali ule wa baba yake. Ilikuwa imepita miaka 68.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.