Mano Negra: Bendi Iliyokuzwa na Safari

Wapo wanaosema Mano Negra ilikuwa bendi ya roki ya Ufaransa iliyopotea njia: ilianza na ska na panki, ikazama katika midundo ya Amerika ya Kusini, kisha ikavunjika mapema. Historia yake inaonyesha kinyume. Iliundwa Paris mwaka 1987 na Manu Chao, nduguye Antoine aliyepuliza tarumbeta, na binamu yao Santiago Casariego aliyepiga dramu. Baba wa akina Chao, mwandishi wa habari Ramón Chao, alikuwa mhamiaji kutoka Galicia, Hispania. Ska nayo ilikuwa mhamiaji: ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikavuka bahari hadi Uingereza, na kufikia 1979 The Specials wa Coventry walikuwa wameichanganya na panki. Ndiyo maana albamu ya kwanza, Patchanka ya 1988, tayari ilikuwa na lugha kadhaa, na wimbo wake uliovuma, Mala Vida, uliimbwa Kihispania. Mchanganyiko haukuja baadaye. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la mwaka 1989, bendi ilipohama kutoka Boucherie, kampuni ndogo ya kujitegemea, kwenda Virgin. Kwa kuwa roki mbadala ya Ufaransa ilijengwa juu ya kuyakwepa makampuni makubwa, tuhuma za usaliti zilikuwa na msingi. Lakini mkataba hupimwa kwa kilichofuata. Mwaka 1992 bendi ilipanda meli ya mizigo kutoka Nantes pamoja na kundi la maigizo la Royal de Luxe, wakatumbuiza katika bandari za Amerika ya Kusini. Mwaka uliofuata ilizunguka Kolombia kwa treni, ikipiga muziki bila kiingilio katika stesheni za miji iliyosahauliwa. Anayetafuta faida hapiti njia hiyo.

Ni kweli kwamba safari hizo ziliichosha bendi, na baadhi ya wanamuziki waliiacha treni kabla ya mwisho. Hata hivyo, zilizaa Casa Babylon ya 1994, albamu yao ya mwisho, na zikamwandaa Manu Chao kwa Clandestino ya 1998, kisha kwa kazi ya kuwatayarishia Amadou na Mariam wa Mali albamu ya Dimanche à Bamako mwaka 2004. Mano Negra haikupotea njia. Iliufuata muziki ulikotoka, na kwa hilo inastahili heshima.