Mashine za Beeston

Kabla ya kujulikana kwa mashine za kukereza chuma, Beeston, pembeni mwa Nottingham, ulikuwa mji wa lesi. Cecil Moore alianzia kazi yake humo mwaka 1934, ndani ya sehemu ya kiwanda cha lesi, akaziita mashine zake Myford. Wateja walikuwepo tayari. Jarida la Model Engineer, alilolianzisha Percival Marshall mwaka 1898, lilikuwa limelea watu waliotengeneza injini ndogo za mvuke kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba zao, wengi wakikereza kwa mashine za kukanyaga kwa mguu.

Baada ya vita, mwaka 1946, ikaja Myford ML7. Mota yake ilikaa nyuma ya kichwa cha mashine pamoja na puli zake, kwa hiyo yote ilienea kwenye meza moja. Beringi zake ni za madini meupe, laini, nazo hukaa juu ya vibati vyembamba. Zikilegea, unabandua kibati kimoja unakaza upya. Naipenda mashine hii kwa sababu hiyo hasa: aliyeibuni alijua itachakaa, akamwachia mwenyewe njia ya kuirudisha.

Jirani akitaka kununua mashine kuukuu huniita nikamkagulie. Rangi siitazami, maana rangi mpya hupakwa kwa siku moja. Nakaza kibebea kisu hadi kiteleze bila kucheza karibu na kichwa, kisha nakisukuma hadi mwisho wa kitanda, yaani reli mbili kinazotelezea. Kikikwama huko, kitanda kimeliwa upande wa kichwa, ambako kazi fupi zote hufanyika. Halafu natafuta namba. Ikianza na K ni ML7. Ikianza na SK ni Super 7, dada yake mkubwa wa mwaka 1953.

Hapo ndipo historia inapookoa pesa. Hadi mwaka 1972 kibebea kisu kiliongozwa na reli ya mbele peke yake, ikawa ndiyo inayolika. Mwaka huo kiwanda kikabadilisha, kibebea kikaongozwa na kitanda kwa upana wake wote. Mafundi wa nyumbani wenye mashine za zamani wakaiga: wakafunga ukanda wa chuma kwenye kibebea ili kiegemee uso wa nyuma wa reli ya nyuma, ambao ulikuwa haujawahi kusuguliwa. Mashine iliyoonekana imekwisha ikarudi kukereza sawasawa.

Kiwanda cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, na jina likanunuliwa na RDG Tools ya Yorkshire. Mimi bado ningechagua ML7 iliyolika kitanda lakini yenye gia zake zote za kukatia nyuzi za skrubu, kuliko Super 7 inayong'aa isiyo nazo. Kitanda kina dawa. Gia utazitafuta moja moja, na kila moja ina bei yake.