Sarafu ya Mtoto wa Mfalme

Juma hili natazama malezi ya watoto wawili wa nyumba ya Savoia, iliyotawala Italia tangu 1861 hadi 1946.

Wa kwanza ni Vittorio Emanuele, aliyezaliwa Napoli tarehe 11 Novemba 1869, mtoto pekee wa Umberto na Margherita. Alikuwa dhaifu wa mwili, na hata ukubwani kimo chake kilizidi kidogo tu mita moja na nusu. Mlezi wake wa kwanza alikuwa Elizabeth Lee, mjane Mkatoliki kutoka Ireland. Ndiye aliyempa sarafu yenye sura ya Papa Pius IX. Zawadi ya ajabu kidogo, kwa maana mwaka 1870 majeshi ya babu wa mtoto huyo yalimnyang'anya Papa huyohuyo mji wa Roma, na ugomvi wao na Kiti Kitakatifu haukumalizika hadi 1929.

Mwaka 1881 mtoto alikabidhiwa kwa Kanali Egidio Osio. Tangu hapo kila saa ilikuwa na kazi yake: lugha, historia, sheria, mbinu za kijeshi, kupanda farasi. Mvua haikuwa udhuru, wala kikohozi. Kanali hakuwa mtu mbaya, na mwanafunzi wake aliendelea kumwandikia barua baada ya masomo. Lakini wazazi walikuwa mbali, na mtoto akajifunza kuficha yaliyomo moyoni.

Alikua mtu mwenye elimu nyingi na imani haba kwa wanadamu. Faraja yake ikawa sarafu. Ile ya Papa ilifuatwa na nyingine zaidi ya 100,000, na orodha yake ilichapishwa katika majuzuu 20. Hata hivyo, tarehe 28 Oktoba 1922, alipoletewa hati ya kutangaza hali ya hatari ili kuwazuia wafuasi wa Mussolini, alikataa kuitia saini. Mwaka 1938 alizitia saini sheria za kuwabagua Wayahudi. Si haki kumbebesha mwalimu dhambi za mfalme. Lakini naona kwamba malezi yale yalimzoeza kutii ratiba kuliko kusikia kilio cha mtu.

Katika ukoo huohuo, Amedeo, mtoto wa binamu ya mfalme, alizaliwa Torino mwaka 1898. Alisoma kwa muda Uingereza, kisha katika shule ya kijeshi ya Napoli. Mwaka 1915, hata miaka 17 hajatimiza, aliingia vitani kama askari wa kawaida wa mizinga. Baada ya vita alikwenda Kongo, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni bila kujitambulisha kuwa mwana wa kifalme. Alirudi, akasomea sheria Palermo.

Tusimfanye mtakatifu. Tangu 1937 alikuwa mtawala wa Ethiopia kwa niaba ya Italia, nchi iliyotekwa kwa gesi ya sumu. Mei 1941 alisalimu amri kwa Waingereza huko Amba Alagi, akaletwa Kenya akiwa mfungwa. Kifua kikuu na malaria vilimuua Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Kwa ombi lake mwenyewe alizikwa Nyeri, na yumo humo hadi leo, katika kanisa la kumbukumbu la Waitalia, pamoja na askari wake waliofia ugenini.