Bawa la Nechisar

Habari hii inaanza na masingizio. Aristotle aliandika kwamba kuna ndege anayewavamia mbuzi na kuwanyonya, na kwamba chuchu aliyoinyonya hukauka, mbuzi naye akapofuka. Wachungaji wa Ulaya waliyashika maneno hayo vizazi kwa vizazi. Mwaka 1758, Carl Linnaeus alipoipa jenasi ya ndege hao jina la Kilatini, aliiita Caprimulgus, yaani mkamua mbuzi. Maskini ndege mwenyewe hana haja na maziwa. Hula nondo na mende warukao usiku, na penye mifugo wadudu hawakosi.

Waswahili walimtazama vizuri zaidi. Walimwita kirukanjia, kwa kuwa hujibanza njiani gizani, akaruka karibu umkanyage, akatua hatua chache mbele, kisha akaruka tena. (Jina lake jingine, mpasuasanda, tuliache, usiku ni mrefu.)

Na ni njiani alikofia yule aliye maarufu kuliko wote. Mwaka 1990, watafiti wa msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikuwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nechisar, kusini mwa Ethiopia, kandokando ya maziwa ya Abaya na Chamo. Barabarani walikuta mzoga wa kirukanjia, umeshaoza. Hapakuwa na cha kuokoa ila bawa moja. Wakalichukua.

Kwa ndege mwingine hilo lingekuwa takataka. Lakini virukanjia wanafanana mno, wote rangi ya majani makavu, hata wataalamu huwatambua zaidi kwa sauti na kwa mabaka meupe ya mabawa. Bawa lilifikishwa kwenye makumbusho ya Tring, Uingereza, na baka lake halikulingana na la spishi yoyote iliyojulikana. Mwaka 1995 ikatangazwa spishi mpya, Caprimulgus solala, jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kilatini: pekee na bawa. Angalau safari hii Kilatini hakikumzulia mtu jambo.

Mwaka 2009 watu wanne walikwenda Nechisar usiku na taa, wakarudi wakisema wamemwona akiwa hai. Mmoja wao, Vernon Head wa Afrika Kusini, aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo.

Nawe ukiendesha gari usiku kwenye barabara ya vumbi, ukaona macho mawili yanang'aa chini mbele yako, punguza mwendo. Hukawia kuruka.