Zabibu Haimsubiri Mnunuzi

Jua hili hili linalowakausha watu wa Mpwapwa ndilo linaloipa zabibu ya Mkoa wa Dodoma utamu wake. Wamisionari Wakatoliki waliotoka Italia walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950. Baadaye Serikali ilianzisha kiwanda cha mvinyo cha DOWICO. Kiwanda hicho kilipodorora, wakulima walikosa mnunuzi, na baadhi yao wakaing'oa mizabibu.

Kiwanda kingine cha mvinyo, CETAWICO cha Hombolo mkoani humo, kilifufua soko mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umuhimu wa kiwanda kikubwa kama hiki hauko kwenye lebo, bali kwenye matangi. Zabibu iliyokatwa asubuhi yafaa isagwe mapema, kabla joto halijaanza kuichachusha ndani ya kreti. Hukamuliwa na kuchachushwa kwa wingi, ikawa kile wanachokiita wafanyabiashara "mchuzi wa zabibu": mvinyo ambao haujatiwa chupani. Viwanda vingine huununua na kuufungasha kwa majina yao, hata Dar es Salaam.

Mavuno ni mawili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti. Ya kiangazi ndiyo matamu zaidi. Ya masika husumbuliwa na ukungu.