Namba Kwenye Kidole cha Baba

Muuguzi alikibana kidude kwenye kidole cha baba, taa nyekundu ikawaka, nasi tukakodolea macho namba: 93. Ilikuwa 2021. Mitungi ya oksijeni ilikuwa michache, na namba kama hiyo ndiyo iliyoamua nani apewe na nani asubiri.

Kipimo hicho kilizaliwa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani bila kumchota mgonjwa damu. Rangi ilidungwa mshipani, kisha mwanga ukapitishwa sikioni kuifuatilia. Lakini mapigo ya moyo yalimharibia mchoro kwa mawimbi. Akajaribu kuyafuta kwa mianga ya aina mbili. Yalifutika, ila oksijeni iliposhuka yakarudi. Hapo akang'amua kwamba usumbufu ule ulikuwa na habari aliyokuwa hajaitafuta.

Damu yenye oksijeni nyingi hufyonza zaidi mwanga wa infraredi kuliko mwekundu; iliyopungukiwa hufanya kinyume. Ngozi na mfupa havibadiliki kwa kila pigo, ila damu ya ateri hubadilika. Ukisoma kile tu kinachodunda, umeisoma ateri bila sindano. Aoyagi alitangaza wazo hilo 1974. Kufikia miaka ya 1980 kipimo kilikuwa kimehamia kidoleni na kuingia vyumba vya upasuaji; mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likakiweka kwenye orodha yake ya usalama wa upasuaji.

Kwa nadharia, basi, rangi ya ngozi isingepaswa kuwa na neno. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za kidoleni na damu halisi ya ateri. Miongoni mwa wagonjwa waliosomeka kati ya 92 na 96, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa chini ya 88. Kwa Wazungu, asilimia 3.6. Aoyagi alikuwa amefariki Aprili mwaka huohuo, akiwa na miaka 84.

Sikuyajua hayo siku ile. Muuguzi, sijui kama aliyajua. Aliiandika 93, akaweka mkono kifuani pa baba, akahesabu pumzi zake dakika nzima. Kisha akaenda kutafuta mtungi.