Vitwitwi wa Makupa

Mwaka niliokosa karo na kuacha chuo, kila asubuhi nilikuwa nashuka matatu Kibarani kuhesabu ndege. Ndiyo, ndege. Nyumbani nilisema natafuta kazi.

Ilikuwa Januari. Siberia ni baridi na matope yameganda. Hapa Mombasa ni kaskazi, jua linachoma, na maji yakipwa vitwitwi wanajaa kwenye tope wakichokoa minyoo. Kuna mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini. Huyo huzaliana juu kabisa Siberia, kisha anaruka mpaka huku, na mwili wake ni kama ngumi tu.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu aliliona daftari langu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hao waja na kaskazi, kama majahazi ya Waarabu.”

Nikaenda kusoma. Si hivyo kabisa: vitwitwi wa kwanza hufika Agosti, kusi bado inavuma. Kuondoka ndiko wanakofanana. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, Uajemi na India yaliingia Mombasa na kaskazi, yakarudi kusi ikianza, mwezi wa Aprili. Aprili hiyohiyo vitwitwi, wakishanenepa, nao huenda zao. Majahazi yameandikiwa vitabu na vitabu. Vitwitwi, wapi!

Na hapa Makupa wameona mengi. Wakoloni waliziba mkono wa bahari kwa barabara ya kifusi, maji yakakosa njia. Mwaka 1988 mafuta yakamwagika, mikoko ikafa. Kulikuwa pia na jaa la Kibarani, ufalme wa kunguru. Hao nao ni wageni, ila waliletwa: Zanzibar, miaka ya 1890, wale taka. Kufikia 1947 walikuwa wameonekana Mombasa, na hawajawahi kurudi kwao. Kifusi kilikuja kuondolewa juzijuzi tu, daraja jipya lilipojengwa, likafunguliwa 2022.

Kurasa za mwisho za daftari langu ni za Aprili. Jumatatu, vitwitwi 112. Alhamisi, 40. Jumamosi, sululu wawili na kunguru kibao.

“Kwani wameondoka siku gani?” mzee akaniuliza.

Nikalifungua, nikamwonyesha.